Hukumu Isomwe Hewani

Wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo wenye umri wa kutosha hawajaisahau tarehe 28 Aprili 1994. Kwa muda wa takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Mto Kagera nao ulikuwa ukibeba miili kuelekea Ziwa Viktoria. Waliovuka, wengi wao walikuwa raia waliojaa hofu. Miongoni mwao walikuwemo pia wauaji, na mtu alipotaja wauaji, picha iliyokuja haraka ilikuwa ya kijana wa kiume mwenye panga.

Tarehe 18 Julai 1997, polisi jijini Nairobi walimkamata Pauline Nyiramasuhuko. Wakati wa mauaji ya kimbari alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake wa Rwanda. Alipelekwa Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1994 kuhukumu mauaji hayo. Mahakama hiyo ilishitaki watu 93. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Vyombo vya habari vya dunia vilimjia mbio, lakini vilimjia kwa swali moja: inawezekanaje mama mzazi afanye mambo haya? Waandishi walieleza mavazi yake, miwani yake, na umri wake wa kuitwa bibi. Mwenyewe alikuwa ameshalitumia swali hilo kama ngao. Mwaka 1995, akihojiwa na BBC akiwa uhamishoni, alisema hawezi kuua hata kuku, na kwamba anayedai mwanamke, tena mama, ameua, aje waonane ana kwa ana. Mshitakiwa na mwandishi wakakutana mahali pamoja: wote wawili walianza na uzazi, wakaupita uwaziri.

Kumbukumbu za mahakama zinasimulia kwa namna nyingine. Kesi ya Butare, ambamo alishitakiwa pamoja na mwanawe Arsène Shalom Ntahobali na wanaume wengine wanne, ilianza kusikilizwa Juni 2001. Ilisikiliza mashahidi 189, na hukumu ikasomwa tarehe 24 Juni 2011. Majaji waliuliza nani alikuwa na mamlaka, nani alitoa amri, wapi, na mbele ya nani. Waliona kwamba kwenye ofisi ya mkoa wa Butare, walikojihifadhi Watutsi waliokuwa wakikimbia kifo, waziri huyo alifika na kuwaamuru wanamgambo wa Interahamwe, na watu wakachukuliwa kwenda kuuawa, wanawake wakabakwa. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Desemba 2015, ngazi ya rufani ya mahakama hiyohiyo ilitengua baadhi ya hatia na kuthibitisha nyingine. Ikapunguza adhabu hadi miaka 47, sababu moja ikiwa ni kwamba kesi ilicheleweshwa kupita kiasi.

Hapo ndipo thamani ya kumbukumbu inapoonekana. Gazeti lilitafuta ajabu, jalada likatafuta kitendo. Aliyesoma habari za miwani peke yake hakujua kwamba mwanamke huyu alikaa kwenye vikao vya baraza la mawaziri, na kwamba nguvu iliyoua ilipita kwenye cheo chake.

Nje ya mahakama ya Arusha, Nyiramasuhuko hakuwa mwanamke wa peke yake aliyehukumiwa. Juni 2001, mahakama ya Brussels iliwahukumu masista wawili wa nyumba ya watawa ya Sovu, karibu na Butare: Consolata Mukangango miaka 15, Julienne Mukabutera miaka 12. Valérie Bemeriki, mtangazaji wa redio ya RTLM aliyetumia kipaza sauti kuchochea mauaji, alipewa kifungo cha maisha na mahakama ya kijamii ya gacaca mwaka 2009. Aprili 2024, mahakama ya Huye ilimhukumu kifungo cha maisha Béatrice Munyenyezi, baada ya Marekani kumrudisha Rwanda mwaka 2021. Habari nyingi zilimtambulisha kwanza kama mkwe wa Pauline. Hata akiwa kizimbani, mwanamke anaelezwa kwa ndoa yake.

Mazoea hayo yanaumiza pande mbili. Mwanamke mwenye hatia hupewa kisingizio, kwamba alisukumwa na mume, mtoto au pepo. Au hupewa laana ya ziada, kwamba ni mnyama kuliko mwanamume aliyetenda jambo lilelile. Pande zote mbili aliyeuawa husahaulika. Aliyebakwa kwenye ofisi ile ya Butare ana haki ya kusikia jina la aliyetoa amri, cheo chake na adhabu yake, bila kulazimika kwanza kusikiliza mshangao wa waandishi.

Hapa nyumbani Tanzania mambo yamekuwa hivyohivyo kwa njia yake. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, magazeti ya udaku yaliuza kwa miezi picha za mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, Lulu, aliyeshitakiwa kwa kifo hicho. Kilichokuwa muhimu kisheria kilielezwa kwa uchache mno: shitaka la kuua kwa kukusudia lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na adhabu ya Novemba 2017 ilikuwa miaka miwili. Mei 2018 alitolewa amalizie kifungo kwa kutumikia jamii. Wapo wanaobishana mpaka leo kuhusu kesi hiyo bila kujua lilikuwa shitaka gani.

Lulu alikuwa na jina. Msichana wa kijijini anayetuhumiwa kumuua mtoto wake mchanga hana mtu wa kumfuatilia. Siku ya kukamatwa anapigwa picha, jina linatangazwa, kijiji kinahukumu jioni ileile. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inasema mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, anaweza kuadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kifo. Daktari, wakili na jaji ndio watakaopima hali yake, na matokeo yao ndiyo habari. Redio iliyotangaza kukamatwa inadaiwa kutangaza hukumu, hata ikija baada ya miaka mitatu, hata ikiwa ameachiwa huru.

Kazi hii inawezekana. Hukumu nyingi za mahakama za Tanzania zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII. Majalada ya kesi za mahakama ile ya Umoja wa Mataifa yanatunzwa Lakilaki, Arusha, na sehemu kubwa iko wazi kwa umma. Hukumu ya Butare ina kurasa zaidi ya elfu moja, na lugha rasmi za mahakama ile zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Wakulima wa kahawa na migomba wa Kabanga, waliowaona wakimbizi wa 1994 kwa macho yao, hawakuandikiwa hukumu ile kwa lugha wanayoisema sokoni. Vituo vya redio vya mkoa huu wa Kagera vichukue muhtasari wake, vitafute mwanasheria wa kuufafanua na mfasiri mwaminifu, viusome kwa Kiswahili na Kihangaza, kipande kwa kipande, kila wiki kwa saa ileile, na laini za simu ziwe wazi kwa wasikilizaji wenye maswali.