Mwenye Vali ya Chuma Asiache Vidonge



Leo tuzungumze juu ya damu. Ukijikata na jembe, damu hutoka, kisha huganda na kidonda hufunga. Hilo ni jema. Lakini damu ikiganda moyoni ni hatari.

Moyo una vali nne, yaani milango midogo ya kuzuia damu isirudi ilikotoka. Homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maumivu ya koo utotoni, inaweza kuharibu milango hiyo. Ndipo madaktari hupasua kifua na kuweka vali ya kutengenezwa, ile wengi huiita ya chuma. Taabu yake, damu huelekea kuganda juu yake. Bonge likichomoka na kwenda kichwani, mtu hupooza.

Kwa hiyo mgonjwa hupewa vidonge vya warfarini maisha yake yote. Watu husema vinafanya damu iwe nyepesi. Si hivyo, damu haigeuki maji. Huchelewa kuganda tu.

Wafugaji watapenda kujua dawa hii ilikotoka. Miaka ya 1920, huko Marekani na Kanada, ng'ombe walivuja damu hadi kufa kwa kula majani makavu yaliyoota ukungu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitafuta sumu ile wakaipata. Warfarini ilitokana na kazi hiyo: mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu. Msishtuke! Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, na daktari huandika idadi ya vidonge. Hapo kisomo chetu kinafaa: soma kadi, usikisie.

Mchicha na matembele hupunguza nguvu ya dawa hii. Usiache mboga, ila usile nyingi leo na kesho usile kabisa. Aspirini ya dukani usimeze bila kumwuliza daktari. Mama mwenye vali hiyo amwone daktari kabla ya kubeba mimba, maana dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiache mwenyewe.

Wengi huacha kwa sababu wanajiona wazima, wanalima, na nauli ya kwenda kupimwa ni ghali. Hatuwalaumu. Harusi tunachangiana, basi na nauli hiyo tuchangiane. Na mgonjwa akiona mkojo mwekundu au choo cheusi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kadi yake mkononi.