Tufungue Moteri Kwanza, Piesi Zitafuata

Mtusamehe kuongea mambo ya vyuma na mafuta saa hii ya njaa. Lakini mashini ya unga imesimama, kina mama wanabeba mihogo mpaka ng'ambo ya mto, na sanduku la michango linangoja neno lenu.

Supapa ilikatika, wote mnajua. Fundi anasema: nunueni supapa mpya, nifunge, jioni tunasaga. Sisi wa mradi tunasema hapana, si leo.

Kichwa cha supapa kikikatika kinaanguka ndani ya silinda. Pistoni inapanda, inakigongesha kwenye kulase, inashuka, inapanda tena. Moteri ikizunguka mara 2000 kwa dakika, ndani ya sekunde tatu tu kile chuma kimegongwa mara 100. Haiwezekani kusiwe na alama. Kwa hiyo mtu asipige manivela tena, hata "kujaribu kidogo."

Jumamosi kulase itafunguliwa mbele ya wamemba watatu. Kwanza wahesabu vipande. Wavipange juu ya kitambaa kama sahani iliyovunjika. Visipotimia, kingine kiko mahali fulani: bomba la hewa, bomba la moshi, au chini kwenye karte. Hatufungi mpaka kionekane. Mafuta nayo yamwagwe, yachujwe kwa kitambaa cheupe. Sumaku peke yake itawadanganya, maana pistoni ni ya aluminiamu na sumaku haiishiki.

Pistoni yenye kovu dogo juu, fundi mzuri anaweza kuilainisha. Yenye ufa ama tundu, imekwisha. Kwenye silinda pitisheni ukucha: ukikwama kwenye mkwaruzo, isirudishwe hivyo. Kulase ipakwe mafuta ya taa, ingoje kidogo, ipanguswe ikauke, halafu inyunyiziwe unga wa chaki. Ufa ukiwepo, mafuta yatatoka humo na kuchora mstari. Chaki tutaomba kwa walimu, haina franga.

Kitu ambacho mafundi wengi wanaruka ni biyele. Ikipinda kidogo, moteri inaweza kuwaka vizuri, mnafurahi, kisha siku moja inavunja bloki nzima. Hapo hakuna piesi tena, ni kununua moteri. Pistoni ipandishwe mpaka juu kabisa, ipimwe iko mbali kiasi gani na uso wa bloki, ilinganishwe na kitabu cha moteri. Ikiwa chini kuliko kitabu, biyele imepinda. Fundi akisema anaona kwa macho, mwambieni kwa heshima apime.

Halafu aulizwe sababu ya supapa kukatika. Resori imechoka? Moteri ilichemka maji yakiisha? Nafasi ya supapa haikupimwa? Ama ilikimbizwa kupita kiasi siku ya soko? Bila jibu, hata supapa mpya tutaizika.

Basi tunaomba sanduku lisifunguliwe mpaka Jumamosi jioni, baada ya wale watatu kuleta ripoti. Bei ya piesi (vipuri, kama tulivyozoea kule Nyarugusu) ikipita nusu ya moteri nyingine, turudi hapa tuamue pamoja. Na mwenye funguo ya 17 na ya 19 alete, za fundi zimepotea.