Chui, Mbuzi na Majani

Ninyi wa Manyoni na Itigi kaeni karibu na redio, maana leo historia itapita mlangoni kwenu.

Tuanze na mchezo ambao wengi wetu tuliucheza utotoni: kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaipeleka mbele. Singida inakuwa dasingi, Manyoni inakuwa nimanyo, alizeti inakuwa tialize. Si mchezo wa juzi. Edward Steere, aliyekuwa askofu huko Zanzibar, alikwishauandika katika kazi zake za Kiswahili za karne ya 19, akiwakuta watu wa kisiwani wakiutumia kufichiana maneno.

Ukiongea haraka, mgeni haambulii kitu. Lakini kufuli hili lina tundu. Jaribuni neno kuku. Silabi ya mwisho ipelekeni mbele: kuku. Jaribuni baba: baba. Mama, dada, kaka, bibi, yote yanatoka vilevile yalivyoingia. Kwa hiyo watoto wanaopanga kwa kinyume kumwibia baba kuku wake, maneno mawili tu ndiyo mzee atakayoyasikia wazi, nayo ndiyo yaleyale yatakayomfanya ageuke! Kanuni iko sahihi kabisa. Ila aliyeitunga hakuuliza ni maneno gani haitayagusa.

Shikeni hilo, kisha twende njia ya misafara.

Katika karne hiyohiyo ya 19, msafara uliotoka pwani kwenda Tabora, ukishamaliza Ugogo, uliingia Mgunda Mkali, nyika ya vichaka na kiu ambayo leo mnaiita Manyoni na Itigi. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Stanley mwaka 1871. Wazungu hao wamejaza kurasa wakilalamikia hongo, yaani ushuru ambao watemi wa Ugogo waliwatoza wapita njia: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya. Mimi nawaelewa watemi. Msafara wa mamia ya watu ukiteremka kisimani wakati wa kiangazi, wenyeji wanabaki na tope.

Sasa, Zanzibar kuna fumbo la msafiri ambaye hakutaka kulipa. Alifika nchi ya sultani, akadaiwa ushuru, akakataa. Sultani hakumfunga. Alimpa kazi: wachukue chui, mbuzi na majani ya mti, umpelekee mwanangu ng'ambo ya mto. Mtumbwi unakubeba wewe na mizigo miwili tu. Na ukingoni, huku au kule, isiachwe mizigo miwili pamoja bila wewe kuwepo.

Fikirini kidogo. Chui na mbuzi, sababu inajulikana. Mbuzi na majani, vilevile. Lakini chui na majani? Chui hali majani. Hapo ndipo mtunzi alipomzidi maarifa msikilizaji mvivu. Chui na majani wangeruhusiwa kubaki pamoja, msafiri angewavusha hao wawili, akarudi mtupu, akamfuata mbuzi. Sultani ameiziba njia hiyo makusudi.

Kilichobaki ni hiki. Vusha mbuzi na majani, chui abaki peke yake. Ukifika ng'ambo, teremsha majani, lakini mbuzi usimteremshe: rudi naye. Mpakie chui, uvuke nao wote wawili ukiwa katikati yao. Safari tatu, kazi imekwisha. Watu hukwama kwa sababu wanadhani aliyekwisha kuvuka amevuka. Sultani hakusema hivyo popote: kanuni yake nayo, kama ile ya kinyume, ina tundu.

Mwanahisabati wa Marekani, Marcia Ascher, alilinganisha mafumbo ya aina hii mwaka 1990, akayaona Ethiopia, Liberia na kwingineko Afrika. Ulaya fumbo kama hili lipo tangu zamani katika mkusanyiko unaohusishwa na Alcuin wa York, mwalimu aliyefariki mwaka 804: mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Mtumbwi wa Alcuin unabeba mzigo mmoja tu, ndiyo maana mtu wake anavuka mto mara saba, huku mbuzi akizungushwa kama mgeni asiye na mwenyeji. Hapo mbwamwitu na kabichi wanaweza kuachwa pamoja. Jaribuni wenyewe, na watoto wapeni vijiti vitatu na kamba ya kuwa mto.

Mimi ninalolipenda kuliko yote ni la Waila wa Zambia. Huko mizigo ni minne: chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi unachukua mmoja tu pamoja na mwenyewe. Ukipanga kwenye karatasi utaona haiwezekani, labda mwenyewe akubali kupoteza mmoja wao. Akafikiri kumwacha panya, akafikiri kumwacha chui. Moyo ukakataa, kwani wanyama hao kwake walikuwa kama watoto. Na kwa kuwa hapakuwa na sultani aliyemlazimisha avuke, akabaki nao upande ule aliokuwa.