Ngoma na Jina la Mpigaji

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wa kambi katika sherehe za Siku ya Wakimbizi Duniani, Gisenyi



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache kabla ya muziki kupigwa. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu wimbo mtakaousikia leo umeleta maneno mengi kambini, na si vizuri sherehe ianze huku watu wana dukuduku moyoni.

Wimbo huo umetengenezwa na kijana wetu ambaye wote mnamwita DJ. Ni wa aina iitwayo dramu na besi. Baadhi ya wazee wameuliza: kelele hizi za Ulaya zinatuhusu nini? Wengine, hasa wapiga ngoma wetu watatu, wameuliza swali zito zaidi: ngoma zetu zimeingia ndani ya kompyuta, je, na majina yetu yameingia? Tutajaribu kujibu maswali yote mawili.

Tuanze na la kwanza. Dramu na besi ni muziki uliozaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika miji kama London na Bristol. Wengi miongoni mwa walioukuza walikuwa vijana ambao wazazi wao walihamia huko kutoka visiwa vya Karibi. Msingi wake ni mambo mawili. La kwanza ni dramu ya haraka, mapigo kama 170 kwa dakika. La pili ni besi nzito inayokwenda polepole, mara nyingi kwa nusu ya mwendo huo. Anayecheza huchagua mwenyewe: miguu ifuate dramu, au mabega yafuate besi.

Wazee wetu, jambo hilo si geni kwenu. Hapa Rwanda, katika kundi la ingoma, ile ndogo iitwayo ishakwe hupigwa haraka na kushika mwendo, na ile kubwa, igihumurizo, hutoa sauti nzito ya chini. Kwa ndugu zetu wa Burundi, amashakwe hupigwa bila kukoma, na ibishikizo hufuata mapigo ya inkiranya, ngoma iliyo katikati. Kijana akikaa mbele ya kompyuta na kupanga sauti ya haraka juu na sauti nzito chini, anafanya kazi ambayo babu zake waliifanya kwa mti na ngozi ya ng'ombe.

Sasa, kijana wetu alifanyaje? Jioni moja nyuma ya shule aliwarekodi wazee wakipiga ngoma, kwa simu tu. Akaiingiza sauti ile katika kompyuta ya chumba cha vijana. Akachagua kipande cha sekunde chache, akakikata pigo moja moja kama mama anavyokata mboga, kisha akayapanga mapigo hayo upya na kuyaongezea mwendo mpaka yakafika 170. Chini yake akaweka besi aliyoitengeneza mwenyewe. Mwishoni akaweka sauti ya mama mmoja akitwanga sombe kinuni. Umeme ulikatika mara nyingi, na kazi ilichukua wiki tatu.

Ndipo likaja swali la pili: majina yako wapi? Kabla ya kujibu, tunaomba mtuvumilie tuwasimulie mambo mawili yaliyotokea kweli.

La kwanza ni la Marekani. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons kutoka Washington ilirekodi wimbo uitwao Amen, Brother. Ulikuwa upande wa pili wa sahani, ule ambao watu wengi hawaugeuzi. Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza, na mpiga dramu, Gregory Coleman, anapiga peke yake kwa sekunde kama saba. Miaka mingi baadaye watengenezaji wa muziki walikichukua kipande hicho, wakakikata na kukiharakisha, na juu yake ikajengwa sehemu kubwa ya dramu na besi. Kimeingia katika maelfu ya nyimbo. Watu walipata pesa na sifa. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa maskini asiye na nyumba, bila kulipwa chochote kwa sekunde zile saba. Mwaka 2015 DJ wawili wa Uingereza waliitisha mchango, zikapatikana pauni 24,000, akakabidhiwa Richard Spencer, aliyekuwa kiongozi wa bendi. Lilikuwa jambo jema, lakini mpigaji mwenyewe alikuwa kaburini miaka 9.

La pili ni la jirani zetu. Mwaka 1967 Wafaransa walikwenda Burundi wakarekodi wapiga ngoma, na rekodi ikatolewa na kampuni ya Ocora. Mwaka 1971 mtengenezaji mmoja wa Ulaya alizichukua ngoma zile, akaweka piano na gitaa juu yake, akatoa sahani iitwayo Burundi Black. Sahani hiyo ikapendwa Uingereza, na miaka 10 baadaye bendi kadhaa za huko zikajenga nyimbo zao juu ya mapigo ya namna ile. Mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, naye alitumia rekodi ya ngoma za Burundi mwaka 1975 katika wimbo The Jungle Line, na yeye angalau aliandika kwenye jalada kwamba ngoma ni za Burundi. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Jina la nchi limeandikwa mara nyingi. Lakini baba fulani aliyeamka asubuhi ile ya mwaka 1967, akajitwisha ngoma yake kichwani na kwenda kupiga mpaka jasho likamtoka, yeye aliitwa nani? Ngoma yake imesikika London na New York, na jina lake lilibaki kijijini.

Ndugu zetu, sisi wakimbizi tunaujua uzito wa jina kuliko watu wengine. Tumesimama foleni tangu alfajiri kwa sababu ya herufi moja iliyoandikwa vibaya kwenye orodha. Wako kati yetu waliosoma chuo cha ualimu miaka yote inayotakiwa, lakini cheti kiliungua pamoja na nyumba, na sasa hawana karatasi ya kuonyesha. Mtu ambaye jina lake halimo orodhani, hata akiwa amesimama mbele yako, huambiwa hayupo. Je, sisi tuliotendewa hivyo tuwatendee vivyo hivyo wazee wetu?

Kwa hiyo tuliwaketisha pamoja DJ na wazee, walimu tukiwa kati, chini ya mti wa shule. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Mzee mmoja alitambua kwamba kipande kimoja ni mapigo ya msiba, yasiyochezewa. Kwa DJ hicho ndicho kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Baba, nitakitoa." Akakitoa, akaanza upya, na mzee huyo huyo akarudi siku ya pili kumpigia mapigo mengine ya mavuno. Ndiyo maana wimbo umechelewa kukamilika.

Yaliyokubaliwa siku ile ni haya. Kwanza, pamekuwepo daftari katika chumba cha vijana. Kila sauti inayorekodiwa huandikwa: jina la aliyepiga au kuimba, mahali alipojifunzia, tarehe, na kama ametoa ruhusa. Pili, mwenye sauti ana haki ya kusema hapana. Tatu, wimbo ukileta hata faranga moja, nusu ni ya aliyeutengeneza na nusu ni ya wenye sauti. Nne, majina husomwa kila wimbo unapopigwa mbele ya watu.

Vijana, msidhani masharti haya yanawafunga mikono. Tazameni majirani. Dar es Salaam, mtaa wa Mburahati, Sisso alifungua studio ndogo ambamo singeli ilitengenezwa kwa kompyuta za kawaida, kwa mapigo yanayozidi 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, ukasikika mpaka Ulaya. Rey Sapienz, mwana wa Kongo ya mashariki, alikwenda Kampala kwa kazi ya muziki mwaka 2012, vita vikamzuia kurudi nyumbani. Hakukaa akilia tu. Alishiriki kuanzisha lebo ya Hakuna Kulala, na mwaka 2021 akatoa albamu ya Na Zala Zala pamoja na wenzake. Na hapa hapa Rubavu, huko Nyundo, ilifunguliwa shule ya muziki mwaka 2014, kabla ya kuhamishiwa Muhanga. Njia ipo. Lakini ombeni ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Kwenu wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru kwa kompyuta na kwa umeme wa jua. Tunayo maombi mawili. La kwanza, chumba cha vijana kifunguliwe pia jioni, kwa maana mchana wengi wako shuleni au vibaruani. La pili ni dogo, wala halina gharama. Leo mtapiga picha nyingi na kurekodi ngoma zetu kwa simu zenu. Tafadhali muulizeni kila mtu anaitwa nani, mwandike. Tusiende katika ripoti tukiitwa "wakimbizi wakicheza ngoma" tu.

Bwana Mwenyekiti, tumefika mwisho. Kabla wimbo haujapigwa, Katibu atasoma kutoka kwenye daftari majina matano: wapiga ngoma watatu, mama mwenye kinu, na kijana aliyewaunganisha. Tunawaomba nyote mnyamaze mpaka amalize, ndipo tucheze.