Kazi ni nyingi: ipi ianze?



Tumeombwa tuongee juu ya kupanga kazi. Ofisi yetu ni ndogo na mnaijua. Asubuhi telefone inalia, mfadhili anataka raporti. Mlangoni mama analeta shida ya shamba lake lililokaliwa na wengine. Saa nne kuna mkutano. Jua linazama, miili imechoka, na ile kazi kubwa imelala palepale.

Mwaka 1954 Rais Eisenhower wa Marekani, akihutubia mjini Evanston, alitenganisha mambo ya haraka na mambo ya maana, akasema fikra hiyo aliipata kwa mkuu wa zamani wa chuo. Sisi tunaifanya kuwa maswali mawili.

La kwanza: tukikawia leo, nani ataumia? Mgonjwa wa kipindupindu anaishiwa maji mwilini, anaweza kufa ndani ya saa chache. Huyo anatangulia raporti yoyote.

La pili: kuna mlango unaokaribia kufungwa? Hili tunalisahau juu halipigi kelele. Tazameni kuandikisha mtoto. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inawapa wazazi siku 90 toka mtoto azaliwe, tena bure. Siku ya 89 hakuna telefone inayolia. Zikipita 90, mnaenda tribinali: mashahidi, safari, pesa. Na kwa familia iliyorudi toka kambi za Tanzania, karatasi ile ni ulinzi. Siku mtu atakapouliza mtoto huyu ni wa wapi, iko mkononi. Mbegu nazo ni vilevile. Anayepanda Septemba, ukimletea mbegu Novemba umemletea chakula cha kupika tu.

Basi tunafanya hivi. Kila siku ya kwanza ya juma tunaandika kazi zote kwenye kaye moja, si kwenye vikaratasi. Pembeni ya kila kazi tunaweka tarehe mlango wake unapofungwa. Tunachagua tatu tu. Ile ya kwanza tunaishika asubuhi, mbele ya kufungua ujumbe wa telefone. Zinazobaki tunauliza: mwenzetu gani anaweza? Isiyo yetu tunaikataa kwa adabu. Na mtu aliye mlangoni hatumwambii "ngoja kidogo". Tunampa siku na saa, tunaandika mbele yake. Kungojeshwa bila kujua mpaka lini, wengi wetu tulikuonja kambini, inatosha.

Wafadhili wetu, raporti tutaleta, juu pesa ni ya watu. Tunaomba mambo mawili: tupeni tarehe mapema, na msituombe habari ileile kwa fomu tatu. Siku moja tunayomaliza kujaza fomu ni siku moja bila kufika vijijini.

Wanamemba, nanyi mtusaidie. Msingoje mtoto aanze kutambaa ndipo mje. Leteni habari juma lile la kwanza, tuwasindikize ofisini.

Leo hii, mwenye mtoto asiyefika siku 90 asitoke hapa bila kuandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Kaye iko pale mlangoni.