UCHOVU USIOONDOKA KWA USINGIZI

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, yaliyosomwa na Afisa Elimu, Nanyamba

Mwalimu wa kila darasa na aweke ubao karibu na chaki iwepo, maana mwishoni tutakuwa na hesabu kidogo.

Juma lililopita tulisoma barua. Leo nitawaelezeni habari za uchovu. Najua wapo watakaocheka waseme, "Kijana huyu atufundishe sisi uchovu?" Ni kweli, mtu wa Nanyamba hana haja ya kufundishwa uchovu wa shamba. Unapuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi linakuingia machoni na kifuani. Msimu ukifika unainama tangu alfajiri kuokota korosho, na jioni mgongo hauna nguvu. Lakini ukila, ukalala, kesho yake unaamka mzima. Tena mikorosho ni yako, na ukitaka kuanza mstari huu au ule ni shauri lako mwenyewe.

Uchovu ninaousema leo ni mwingine. Huu humpata mtu aliyeajiriwa, hasa mahali penye watu wengi na wakubwa wengi, naye akilala hauondoki.

Nina jirani mmoja, mtu mzima kunipita, mimi humwita kaka. Jina lake sitalitaja, wala kampuni yake sitaitaja. Yeye ni mpakiaji wa magunia katika kampuni kubwa, zamu ya usiku. Alipopata kazi ile sote tulifurahi, mkewe akapika wali tukala. Mwaka wa kwanza alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi na sukari, na madaftari ya watoto, na hadithi nyingi za kazini. Mwaka wa pili sukari ilikuja, hadithi hazikuja. Akifika hulala mchana kutwa; akiamka hukaa barazani ameshika shavu. Mtoto akimwamkia, huitikia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Siku moja mkewe alinijia akaniambia, "Mwalimu, nadhani kaka yako amerogwa. Mwili wake upo, mwenyewe hayupo."

Nikaenda kumwona. Kwanza alisema hana neno. Baadaye, tulipokuwa tumekaa kitambo, akasema hivi: "Mdogo wangu, mimi si mvivu, wewe unanijua. Gunia naliweza. Lakini pale sina jina. Msimamizi wetu huniita Saba, kwa sababu ya namba iliyo kwenye fulana yangu. Nikimwambia ngazi imeoza, mtu ataanguka, hunijibu kwamba getini wapo watu mia wanaitaka nafasi yangu. Basi siku hizi hata gunia likipasuka nalitazama tu. Zamani ningelishona."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia hofu, kwa maana mtu huyu namjua tangu utoto wangu. Ni mtu ambaye akipita njiani akaona ua la mwenzake limelala, hulisimamisha.

Wataalamu wameuchunguza uchovu wa namna hii. Daktari mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika habari zake mwaka 1974, baada ya kuuona kwa watu waliofanya kazi pamoja naye katika zahanati. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa ni hali itokayo kazini, siyo ugonjwa wenyewe, nalo likataja alama zake tatu. Kwanza nguvu za mtu humwishia. Pili moyo wake hujitenga na kazi, akaiona kazi ile ni upuuzi au akaichukia. Tatu huona kwamba afanyalo halina matunda, na kwa kweli hata kazi yake hupungua ubora. Mfikirieni jirani yangu na gunia lake lililopasuka, mtaziona alama zote tatu.

Sasa msidhani jambo hili limeanza jana. Wazee wa pwani hii wanalijua neno manamba. Katika mashamba ya mkonge ya Lindi, ya Mikindani na ya Tanga, mtu aliyeandikwa kazi alipewa namba, naye akajulikana kwa namba ile. Wengi walitoka mbali, na wengine walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwatafuta watu, iliyoitwa SILABU, na malori yake yakaenda mpaka mikoa ya mbali kuwachukua vijana. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza kazi ya siku, kisanduku kimoja hutiwa alama. Usipoimaliza, kisanduku hubaki kitupu, na mshahara hautoki mpaka vyote 30 vijae. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Uliweza kurefuka kama kivuli cha jioni.

Watu wakachoka, wengine wakatoroka usiku. Na wakubwa wa mashamba waliandika nini katika taarifa zao? Waliandika kwamba Mwafrika ni mvivu na mtoro. Hawakuuliza kwa nini mtu yule yule, akiwa kwao, hufyeka msitu mzima akapanda muhogo bila kusimamiwa na mnyapara. Mimi naona kosa hilo bado linafanywa mpaka leo, na siku hizi wanaolifanya ni wenzetu wenyewe.

Tazameni pia Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko, na Kongwa, na Urambo. Baadaye mpango ukawa chini ya shirika lililoitwa Overseas Food Corporation. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Watu wengi waliajiriwa kung'oa miti na kulima. Lakini amri zilitoka mbali, mvua na ardhi havikusikiliza amri, na karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, umekwisha kula pauni milioni 36 hivi. Fikirini mtu aliyeng'oa visiki msimu baada ya msimu, kisha akaona nyasi zinarudi. Hata kama mshahara wake alilipwa, kuna kitu hakulipwa.

Na tusidhani kwamba ni ukoloni tu. Mwaka 1971, nchi yetu ikiwa huru miaka kumi, chama cha TANU kilitoa Mwongozo, ambao pamoja na mambo mengine uliwakataza viongozi majivuno na dharau. Wafanyakazi viwandani waliusoma, au walisomewa, wakaushika. Kati ya mwaka ule na 1973 palikuwa na migomo mingi, hasa Dar es Salaam. Jambo la kuangalia ni hili: mingi katika migomo ile haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye matusi, na meneja asiyetaka kusikiliza. Katika kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Kwingine mambo yaliwageukia, polisi wakaitwa na watu wakafukuzwa kazi.

Basi nilirudi kwa jirani yangu, nikamwomba anionyeshe mkataba wake wa kazi. Alikuwa ameuweka chini ya godoro, umekunjwa mara nne. Aliutia dole gumba siku ya kuandikwa, wala hakujua ndani mna nini, kwa kuwa hakuna aliyemsomea. Hapo nataka mnisikilize sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyakazi asiyeelewa maandishi ya masharti yake ya kazi ni lazima mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa njia atakayoelewa. Kwa hiyo kuuliza, "Hapa pameandikwa nini?" si ufidhuli. Tena mwajiri ametakiwa abandike haki za wafanyakazi mahali wazi, wazione.

Sheria hiyo inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, wala 9 kwa siku, wala siku zisizidi 6. Saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, nazo zilipwe mara moja na nusu. Kila juma pawe na mapumziko ya saa 24 mfululizo, na kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Mwenye mgogoro na mwajiri wake huenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi asikawie, kwani siku za kupeleka shauri hilo ni 30 tu.

Tukakaa na jirani yangu, kalamu mkononi. Yeye huingia saa 12 jioni, hutoka saa 12 asubuhi, na katikati ana saa moja ya kula. Ni saa 11 za kazi. Kwa usiku 6 ni saa 66. Toa 45, zinabaki 21. Kwa majuma manne ni saa 84 za ziada, na hati yake ya mshahara haikuonyesha hata moja. Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe si uchawi." Mkewe, aliyekuwa akipembua mchele mlangoni, akacheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi.

Aliandika barua yeye na wenzake watano. Siku ya kuipeleka wawili waliondoa majina yao, na mimi siwalaumu. Mtu mwenye watoto huhesabu mara mbili. Jibu lilichukua muda. Mwishowe zamu zilipunguzwa zikawa usiku tano, ngazi ikatengenezwa, na saa za ziada za miezi miwili zikalipwa. Za nyuma hazijalipwa mpaka leo. Msimamizi ni yule yule, ila sasa humwita kwa jina, kwa sauti ya mtu anayetafuna ndimu. Jirani yangu bado huchoka. Lakini mwezi uliopita alikuja na hadithi.

Sasa, mwalimu wa darasa, andika ubaoni maneno haya, wanafunzi wayasome kwa sauti na kuyanakili: mkataba, zamu, saa za ziada, likizo, mapumziko. Kisha fanyeni hesabu hii. Mama mmoja anabangua korosho kiwandani. Huanza saa 1 asubuhi, humaliza saa 12 jioni, naye hupumzika saa moja ya chakula. Hufanya kazi siku sita kwa juma. Je, anafanya saa ngapi za ziada kwa juma moja? Na kwa majuma manne, je, zimepita kiasi cha sheria au hazijapita? Atakayepata jibu amweleze jirani yake alivyolipata.

Juma lijalo tutasoma hati ya mshahara, mstari kwa mstari. Mwenye hati ya zamani nyumbani, yake au ya mwanawe, na aje nayo. Kwaherini.