Springi Kwanza: Kupima na Kurekebisha Shokapu za Pikipiki za Motokrosi



Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la cc 250, akiendesha Yamaha yenye shokapu moja tu nyuma, ubunifu wa mhandisi Mbelgiji Lucien Tilkens. Leo gurudumu la nyuma la pikipiki hizi hupanda na kushuka karibu milimita 300, na kwenye shokapu kuna skrubu za kila aina za kurekebishia. Mwendeshaji akirushwa na matuta, hukimbilia skrubu hizo. Ninachosema ni kwamba haziwezi kumsaidia ikiwa springi hailingani na uzito wake.

Pima hivi. Weka pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu hadi alama uliyoweka kwenye madigadi. Ishushe chini isimame bila mtu, pima tena. Mwisho mwendeshaji apande akiwa na buti, helmeti na kila anachovaa mbioni, asimame kwenye vikanyagio, nawe upime mara ya tatu. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha tatu iwe milimita 100 hadi 105 kwa pikipiki ya mtu mzima. Ikizidi, kaza nati ya springi, ikipungua, legeza.

Wengi huishia hapo, na kipimo cha pili hawakiangalii tena. Hicho ndicho kinachotoa siri yote. Pikipiki tupu inatakiwa izame milimita 30 hadi 40. Tuseme mtu mzito amekaza nati mpaka akapata 105, lakini pikipiki ikiwa tupu haizami hata 20. Fundi asiyezoea atadhani springi ni ngumu. La, ni laini mno kwa mtu huyo: imebidi ibanwe sana kabla ya kubeba chochote, na nguvu ya kubanwa huko ndiyo inayoinua pikipiki tupu. Akitua kutoka kwenye mruko, itagonga chini. Kwa mtu mwepesi mambo hugeuka: nati imelegezwa, pikipiki tupu inazama 50, kumbe springi ni ngumu. Katika hali zote mbili acha spana, tafuta springi nyingine.

Nasisitiza hili kwa ajili ya vijana. Pikipiki nyingi tunazipata zikiwa zimetumika, na springi alizochagua mwenye nazo wa kwanza hazimjui kijana wa kilo 50. Inaniuma kumwona mtoto anaambiwa hana moyo, ilhali anapambana na springi ya mtu mzima.

Springi ikishakaa sawa, sasa shika bisibisi. Zungusha skrubu taratibu kwa mwelekeo wa saa mpaka mwisho, ukihesabu kliki, uandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Badilisha kliki mbili tu kwa wakati mmoja, mbele au nyuma, si kote. Nyuma ikikurusha juu baada ya tuta, punguza kasi ya shokapu kurudi. Lakini ukiona matuta mawili ya kwanza yanapita vizuri, kisha pikipiki inazidi kuwa chini na kuwa ngumu, shokapu inarudi polepole mno, haipati nafasi ya kunyooka kabla ya tuta linalofuata.

Neno moja kwa wanaotoka Pwani kwenda kushindana Jamhuri, Nairobi. Huko, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Hewa iliyofungiwa Mombasa ndani ya shokapu za mbele husukuma kwa nguvu zaidi, na sehemu ya mbele huwa ngumu. Kwa shokapu za springi, inua gurudumu la mbele kabisa, fungua skrubu ndogo ya hewa juu ya kila shokapu, hewa itoke, ufunge. Zile zinazotumia hewa badala ya springi zipimwe upya kwa pampu yake mkishafika uwanjani, zikiwa zimepoa.